Tunafunza Kiingereza kana kwamba watoto wetu walizaliwa London

Majuma machache yaliyopita, mpwa wangu aliye katika gredi ya sita alikuja kwangu kukaa siku mbili tatu za likizo fupi. Alikuja na daftari lake la insha za Kiingereza, nami, kama ilivyo ada ya mjomba aliye mwalimu, nikaliomba nilipitie. Katika ukurasa wa kwanza tu jua lilikuwa "scorching", mbingu zilikuwa "azure", mama wa msimulizi alikuwa "crestfallen" na mwizi alitoroka "as fast as his legs could carry him". Kila palipotokea neno zito mwalimu alikuwa ametia alama ya vyema kwa wino mwekundu. Nikampongeza mtoto. Alifurahi, akanyosha mkono kuniomba kalamu, na kwa kuwa mazungumzo yetu yalikuwa ya Kiingereza akaniomba kwa Kiingereza: "Uncle, please borrow me your pen."

Kalamu nilimpa, ila sentensi ile ilinikesha. Mtoto anayelijua neno "azure", ambalo Mwingereza wa kawaida huenda akamaliza mwaka bila kulitamka, hajaambiwa na yeyote kwamba "borrow" ni kazi ya anayepokea na "lend" ni kazi ya anayetoa. Najua wapo Waingereza wa mitaani ambao nao huyachanganya maneno haya mawili, na hakuna anayewatoza faini. Mpwa wangu naye atatozwa kila mahali: katika mtihani, katika barua ya kuomba kazi, mbele ya ofisa wa benki.

Naandika haya kwa sababu hayuko peke yake. Nimefunza isimu katika chuo kikuu kwa miaka mingi, na kila mwaka nawapokea vijana waliofaulu vyema somo la Kiingereza katika shule za upili. Wanajua kundi la simba huitwaje, kundi la nyuki huitwaje, hata kundi la kunguru. Ukiwaomba waeleze kwa maandishi, kwa Kiingereza chepesi, jinsi ya kuziba pancha ya baiskeli, kalamu hukwama. Dai langu ni kwamba tunafunza msamiati wa lugha hii kwa mpango uliotungiwa watoto wengine, waliozaliwa ndani yake, na kwamba mpango huo, ujapokuwa na manufaa kwao, unawanyima watoto wetu kile wanachokihitaji zaidi.

Tumtazame kwanza huyo mzawa wa Kiingereza. Anapoingia darasani siku ya kwanza, akiwa na miaka mitano hivi, tayari ana maneno kichwani yanayokadiriwa kuwa kati ya elfu nne na elfu tano. Hesabu hiyo ni ya koo za maneno: "work", "works", "worker" na "working" zote huhesabiwa kuwa ukoo mmoja. Kutoka hapo huongeza koo elfu moja hivi kila mwaka, nyingi bila kufunzwa na mtu, kwa kusikia na kusoma tu. Zaidi ya idadi, anayajua maneno yake kwa kina. Anajua kwamba mtu "makes a mistake" lakini "does homework", ingawa hawezi kueleza kwa nini. Anajua kwamba mvua huwa "heavy" na upepo huwa "strong". Haya yote ameyanyonya pamoja na maziwa.

Basi mwalimu wake katika Leeds au Chicago amfunze nini? Amfunze maneno ya vitabu. Wamarekani Isabel Beck, Margaret McKeown na Linda Kucan, katika kitabu chao cha 2002, waliyagawa maneno katika ngazi tatu. Ya kwanza ni maneno ya kila siku, ya pili ni maneno ambayo msomaji mpevu hukutana nayo katika masomo mengi, ya tatu ni istilahi za fani maalumu. Ushauri wao ni kwamba mwalimu atie bidii katika ngazi ya pili, kwa kuwa ya kwanza mtoto huja nayo kutoka nyumbani. Ushauri huo ni wa hekima kabisa huko kwao. Huku kwetu mtoto hutoka nyumbani na Kikamba, Dholuo, Kigiriama au Kiswahili. Ngazi ya kwanza ya Kiingereza hana, nasi tunamkaribisha moja kwa moja katika orofa ya pili. Akining'inia hewani tunamlaumu.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua katika kibanda cha vitabu vikuukuu jijini Nairobi nakala iliyochakaa ya Word Power Made Easy, kitabu cha Mmarekani Norman Lewis kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1949. Aliyekuwa nacho kabla yangu alikuwa amepigia maneno mistari toka jalada hadi jalada, tena kwa rula. Kitabu ni kizuri. Kinamfunza msomaji majina ya madaktari wa viungo mbalimbali vya mwili, majina ya watu wenye tabia za kila namna, na mizizi ya Kilatini na Kiyunani inayoyazaa majina hayo. Lakini kiliandikiwa Mmarekani mtu mzima aliyetaka kupanda cheo, mtu ambaye tangu utotoni hakuwahi kutatizwa na "put off" wala "put up with". Nilimwonea huruma yule msomaji wa rula. Na huko huko Marekani, mtihani wa SAT, uliowafanya vijana wa vizazi kadhaa kukariri orodha za maneno adimu, ulibadilishwa mwaka 2016, maswali ya maneno ya aina hiyo yakaondolewa. Wenye lugha wamezipunguzia orodha uzito, sisi bado tunazinakili ubaoni.

Hebu sasa tulitazame jambo lenyewe kwa jicho la isimu, maana hapa ndipo penye kiini. Kiswahili, sawa na lugha nyingine za Kibantu, kina mtambo wa kuzalisha vitenzi. Unachukua mzizi mmoja, unautia kiambishi cha kusababisha, unapata tendo la pili lililo jamaa wa la kwanza. Mtu hukumbuka, mwenzake humkumbusha. Hukopa, mwenzake humkopesha. Hula, hulishwa, huona, huonyeshwa, huanguka, huangushwa. Mtoto wa miaka minne anauendesha mtambo huu bila kuelekezwa na mtu. Kiingereza hakina mtambo wa namna hiyo unaofanya kazi kila mahali. Penye mzizi mmoja kwetu, kwao aghalabu pana maneno mawili yasiyofanana hata kwa sauti: "remember" na "remind", "borrow" na "lend", "eat" na "feed", "see" na "show", "learn" na "teach". Wakati mwingine hutumia neno lile lile kwa matendo yote mawili bila kuligeuza, kama "open", ambalo ni kufunguka na pia ni kufungua.

Mwanafunzi anaposema "Remember me to bring the book", hakuna upungufu wowote wa akili. Ameitegemea mantiki ya lugha anayoijua, akadhani kwamba Kiingereza nacho kina heshima ya kuweka jamaa pamoja. Sasa msomaji ajaribu kutafuta kitabu cha msamiati kilichotungiwa watoto wa Uingereza chenye somo refu kuhusu tofauti ya "remember" na "remind". Atatafuta sana, kwa sababu mtoto wa kule hana haja nalo. Kile hasa ambacho mwanagenzi anakihitaji ndicho ambacho mwenye lugha hakioni. Huwezi kumlaumu, samaki naye haoni maji.

Kuna tatizo la pili, nalo ni la mipaka ya maana. Kitenzi chetu "kusikia" kina shamba kubwa. Tunasikia sauti, tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani. Mkikuyu naye ana kitenzi chake kinachofanya kazi ya kusikia sauti na ya kusikia baridi. Mwingereza ameligawa shamba hilo vipande: masikio yana "hear", ngozi ina "feel", pua ina "smell". Mtoto aliyefunzwa kwamba "hear" maana yake ni kusikia, kwa mshale mmoja ubaoni, ana haki ya kusema "I am hearing cold", na wengi husema. Vivyo hivyo kidole kimoja chetu ni "finger" kikiwa mkononi na ni "toe" kikiwa mguuni. Dawa tunaikunywa, wao huichukua tu: "take". Redio tunaifungua, nao wakisikia "open the radio" hudhani tumeshika bisibisi. Sitaji "kupiga", ambacho kingejaza safu hii peke yake. Itoshe kusema kwamba vijana wetu wa mjini wameshaamua, na sasa kwa Kiingereza cha Nairobi hadithi hupigwa: "beating stories".

Tusidhani kwamba udhaifu huu ni wa Mwafrika. Niliwahi kumfunza Kiswahili kijana Mmarekani, mwerevu wa kupigiwa mfano, ambaye aliniarifu kwamba mwenyeji wake huko Mwea alikuwa amepanda wali. Nilicheka, kisha nikajirudi. Yeye kwao ana neno moja tu, "rice", kwa mpunga ulio shambani, mchele ulio gunia, na wali ulio sahani. Hakuna mama wa Kiswahili anayemkalisha mtoto wake chini kumfunza tofauti ya mpunga, mchele na wali. Kwa yule Mmarekani, hilo ndilo lililostahili kuwa somo la juma la kwanza, kabla ya methali hata moja. Nililisahau kwa sababu mimi ni mwenye lugha.

Pengine kuna anayesema, "Haya ni makosa madogo, maana inaeleweka." Kwa mazungumzo ya barabarani, sawa. Ila watoto wetu hawakifunzwi Kiingereza kwa ajili ya maongezi tu. Sera tangu ripoti ya Gachathi ya 1976 ni kwamba lugha ya eneo itumiwe katika madarasa matatu ya chini, kisha Kiingereza kishike usukani. Mtaala wa umilisi uliofanyiwa majaribio mwaka 2017 na kuenezwa nchini mwaka 2019 haukuibadili sera hiyo. Maana yake ni kwamba kuanzia gredi ya nne mtoto anasoma hisabati, sayansi na masomo ya jamii kwa lugha ambayo ngazi yake ya kwanza haijajengwa.

Niliwahi kuketi nyuma ya darasa katika shule moja ya msingi wakati wa somo la hisabati. Ubaoni paliandikwa: "Ali has 24 goats. He has 9 more goats than Juma. How many goats does Juma have?" Wengi waliandika 33. Waliona "more", na walikuwa wamefunzwa kwamba "more" ni zaidi, na zaidi ni kujumlisha. Wakati wa mapumziko nilimwita kijana mmoja kati yao, nikamuuliza: "Ali ana mbuzi ishirini na wanne. Amemzidi Juma kwa mbuzi tisa. Juma ana wangapi?" Hakuhitaji hata karatasi. "Kumi na watano, mwalimu," akasema, akitazama mpira uliokuwa ukichezwa bila yeye. Kijana huyo alikuwa amepigiwa mkasi katika hesabu anayoijua, na kilichomwangusha ni "more" pamoja na "than", maneno ambayo hakuna mwalimu angeyaandika katika orodha ya maneno magumu. Ni mafupi mno kutiliwa shaka.

Jambo hili si geni duniani. Karibu miaka mia moja iliyopita, Mwingereza Michael West alikuwa akifanya kazi ya elimu huko Bengal, katika Bara Hindi iliyokuwa chini ya himaya yao. Alivichunguza vitabu vya kusomea Kiingereza vilivyotumiwa na watoto wa Kibengali, akaona vimejaa maneno ya nadra na ya kizamani yaliyotokea mara moja na kupotea. Aliona pia kwamba watoto wengi huacha shule mapema, akajiuliza swali ambalo kila mwalimu wa mashambani hapa kwetu analijua: mtoto akikatizwa masomo mwaka huu, ataondoka na nini mkononi chenye kumfaa? Aliyaeleza haya katika ripoti yake ya 1926. Kisha alianza kutunga vitabu ambamo maneno adimu yaliondolewa, ya kawaida yakatangulia, na kila neno jipya likarudiwa rudiwa mpaka lizoeleke. Mwaka 1935 alitoa kamusi iliyoeleza maelfu ya maneno kwa kutumia maneno 1,490 tu. Mwaka 1953 ikatoka orodha yake mashuhuri ya maneno ya msingi, koo elfu mbili hivi. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba maneno elfu mbili ya mara kwa mara hufunika takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida ya Kiingereza. Mtoto anayeyamiliki hayo kwa kina ana shoka la kufyekea mengine.

Katika miaka hiyo hiyo A. S. Hornby alikuwa akifunza Kiingereza Ujapani. Kamusi yake na wenzake, iliyochapishwa Tokyo mwaka 1942 na kutolewa tena na Oxford mwaka 1948, ndiyo mama wa ile kamusi nene ya wanafunzi inayopatikana katika shule zetu nyingi. Nashangaa jinsi tunavyoitumia. Hornby hakuishia kwenye maana. Alitia kando ya nomino alama za kuonyesha ipi huhesabika na ipi haihesabiki, na kando ya vitenzi alionyesha ni miundo gani ya sentensi inayokubalika, kwa kuwa aliona Wajapani wakikosea mambo ambayo kamusi za Waingereza wenyewe hazikuwa na haja ya kuyataja. Nimewauliza wanachuo wangu mara nyingi: ile herufi ndogo U iliyo mbele ya neno "information" ni ya nini? Hukaa kimya. Kisha wanaandika "informations", "furnitures", "advices" na "equipments" katika tasnifu zao, na jibu lilikuwa mezani tangu darasa la sita. Tumerithi kamusi ya mwanagenzi tukaisoma kama wenye lugha.

Nilipoyasema haya katika warsha moja ya walimu, mama mmoja aliyekaribia kustaafu aliinua mkono. "Daktari," akasema, "yote hayo nayakubali. Lakini mtoto wangu akiandika 'sad', na wa shule jirani akiandika 'crestfallen', mtahini atampa nani alama?" Ukumbi ulimpigia makofi, na alistahili. Mwalimu hufunza kile kinachopimwa, na tukitaka afunze mengine lazima kwanza vipimo vibadilike. Hata hivyo KCPE tuliyoizoea tangu 1985 ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na daftari la mpwa wangu, mtoto ambaye hataijua kamwe KCPE, limeandikwa kwa mtindo ule ule. Mtihani umekwenda, orodha zimebaki.

Tena, tulitazame hilo neno lenyewe. Nililirudia daftari kuona ni kwa nini mama wa hadithi alikuwa "crestfallen". Alikuwa amefiwa na mumewe. Neno hilo ni la jogoo aliyeingia uwanjani kwa majivuno akatoka kishungi kimelala. Humfaa mtu aliyetazamia ushindi akaukosa, kama mgombea aliyeangushwa katika mchujo wa chama. Kwa msiba halifai, na msomaji Mwingereza angekunja uso. "Sad" ingefaa, na mtoto ambaye ameifahamu vyema "sad" angeweza kuisaidia kwa maneno mengine mepesi: mama aliketi, hakula, hakusema. Mtahini ninayemheshimu angempa alama huyo.

Sisemi watoto wetu wazuiwe maneno makubwa, wabaki na lugha ya kuombea chumvi. Maneno makubwa yana njia yake ya kuja, na njia hiyo ni kusoma vitabu vingi, vyepesi, vya kupendeza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Warwick Elley na Francis Mangubhai walivijaza vitabu vya hadithi za Kiingereza katika madarasa ya shule za mashambani huko Fiji, ambako watoto, kama wetu, hawana Kiingereza nyumbani. Watoto hao waliendelea katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya karibu maradufu ya wenzao walioendelea na masomo ya kawaida. Walikutana na neno lile lile likiwa na majirani mbalimbali, leo katika hadithi ya sungura, kesho katika hadithi ya mvuvi, hadi likatulia. Orodha ya ubaoni haina majirani. Fedha ambazo mzazi hutoa kununua vijitabu vya misemo ya kukariri zingeweza kununua hadithi tatu au nne, zikazunguka darasa zima.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wa Kiingereza hawatalipenda. Nilipokuwa shule ya msingi tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani, na aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Sikumbuki kama kilinifunza Kiingereza. Nakumbuka vizuri kwamba kilinifunza kunyamaza. Vibao hivyo havionekani sana siku hizi, lakini mwalimu wa Kiingereza anayetamka neno la Kiswahili darasani bado hutazama mlangoni kwanza. Namwomba aache woga. Dakika mbili za kuweka "kukumbuka, kukumbusha" upande mmoja wa ubao na "remember, remind" upande wa pili zinaokoa miaka ya wino mwekundu. Hapo tuna faida ambayo mwalimu mgeni kutoka Uingereza, pamoja na matamshi yake mazuri, hana: tunazijua njia zote mbili, na tunajua hasa ni mahali gani mtoto atajikwaa, kwa kuwa na sisi tulijikwaa pale pale.

Na sisi wa Kiswahili tusijifanye malaika. Nimesoma insha za Kiswahili ambamo majogoo huwika, umande hutanda, methali tano hufuatana kama mabehewa ya garimoshi, na mwisho wa ukurasa wa pili hakuna kilichotendeka. Tumewafunza watoto wa Kisii na Turkana mapambo ya Mvita kabla ya kuwafunza kutofautisha "kuvaa" na "kuvalia". Ni ugonjwa ule ule, na nimechangia kuusambaza. Baadhi ya waandishi wa orodha hizo walikuwa wanafunzi wangu.

Muhula huu nimewapa wanachuo wangu kazi. Kila mmoja aende kwa watoto wanaosoma karibu na kwao, akusanye maneno ya Kiingereza ambayo lugha ya nyumbani imeyaunganisha au kuyatenganisha tofauti na Kiingereza. Tumeanza na Kiswahili, Kikamba na Dholuo. Mwalimu yeyote anayesoma safu hii ambaye amekusanya ya kwake, kwa Kipokomo, Kiteso au lugha yoyote ile, na aniletee kupitia kwa mhariri. Nitashukuru, na yatarudi kwake yakiwa pamoja na ya wengine. Kufikia juma lililopita tulikuwa na jozi arubaini na tatu. Ya arubaini na nne ameileta mpwa wangu kwa simu ya mama yake. Aliandika katika insha "I forgot my book at home", mwalimu akakata "forgot" akaweka "left", bila maelezo.

"Mjomba," akaniuliza, "kwani mimi sikukisahau?"